Nani Atamwonya Askari?



Nimeombwa nizungumze nanyi, wananchi na maafisa wa polisi mlioitikia mwaliko, kuhusu imani ya wananchi kwa polisi. Walioniita walitarajia, na wana haki kutarajia, kwamba nitawataja wananchi waliouawa mikononi mwa polisi. Nitawataja. Lakini naomba ruhusa yenu nianze na askari waliouawa wakiwa kazini, kwa sababu kwangu mimi mambo haya mawili ni jambo moja, na hatutapata dawa ya moja tukiliacha la pili. Askari asiyeaminika hana wa kumwonya, na asiye na wa kumwonya hawi na maisha marefu. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote nitakayosema ni ushahidi wake.

Tarehe 10 Novemba 2012, kikosi cha polisi kiliingia Bonde la Suguta, karibu na Baragoi katika kaunti ya Samburu, kikifuata ng'ombe walioibwa. Anayelijua bonde lile anajua lilivyo: jua la kuchoma, mawe ya volkeno, makorongo yasiyo na idadi, barabara hakuna, simu haishiki. Wengi wa askari wale walikuwa vijana waliotoka chuoni karibuni. Walipewa bunduki, wakapewa amri, wakaenda. Waliowaiba ng'ombe hawakuwa wamekimbia. Walikuwa wamejipanga mafichoni wakiwangoja, na vijana wetu walipofika kati walimiminiwa risasi. Zaidi ya askari 40 waliuawa, pamoja na askari wa akiba walioandamana nao. Miili mingine ilibaki juani kwa siku kadhaa kabla ya kuchukuliwa. Tangu polisi wa Kenya wawepo, hawajapata kupoteza watu wengi namna ile katika shambulio moja.

Bunge liliuliza maswali. Magazeti yaliandika juu ya mipango mibovu, juu ya makamanda, juu ya kupeleka mahali pale vijana wasioijua nchi ile. Yote hayo yalistahili kuulizwa. Swali langu mimi ni jingine. Kundi kubwa la watu wenye silaha halijikusanyi bondeni bila mchungaji kuliona. Mama aendaye kuchota maji huona nyayo. Mtoto wa mbuzi akipotea, anayemtafuta hufika mpaka kwenye pango la mwisho. Kwa hiyo kuna watu waliojua. Ama habari haikufika kituoni, ama ilifika na haikusikilizwa. Kwa vyovyote vile, haikuwafikia vijana wale. Siwalaumu wenyeji wa Suguta, wala sina haki ya kusema waliwasaliti askari. Nauliza tu: kwa miaka mingi kabla ya siku ile, watu wa bonde lile walikuwa wakimwona askari lini? Walimwona alipokuja na oparesheni, kuchukua mifugo na kupiga watu. Hawakumwona alipokuwa akihitajika kuwalinda. Habari kama ile mtu humwambia mtu anayemjua, na askari walikuwa hawajulikani.

Miaka miwili baadaye, mwisho wa Oktoba 2014, jambo lile lile lilitokea Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo. Takriban askari 20 walivamiwa njiani na kuuawa.

Tuje upande wa Lamu, Garissa, Wajir na Mandera. Huko adui, Al-Shabaab, hahitaji hata kuwa karibu. Hutega bomu barabarani usiku, akalifunika kwa mchanga, akaondoka. Asubuhi gari la doria linapita. Juni 2023, eneo la Bodhai katika kaunti ya Garissa, askari wanane waliuawa kwa bomu la namna hiyo. Machi 2025, katika kaunti hiyo hiyo, askari wa akiba sita waliuawa wakiwa kambini mwao alfajiri. Askari wa akiba ni kijana wa kijiji, amepewa bunduki kuukuu na posho ndogo, na mara nyingi ndiye wa kwanza kukutana na adui.

Serikali imenunua magari ya deraya, na ni vizuri imenunua. Ila niwaulize maafisa mliokaa huko: ni nini kinachozuia bomu kabla halijalipuka? Mnajua jibu kuliko mimi. Ni mfugaji aliyepita usiku akaona udongo umechimbuliwa. Ni mwenye duka aliyeuza unga na tende kwa watu asiowafahamu, wakalipa bila kuuliza bei. Ni dereva wa lori la miraa aliyesimamishwa njiani na vijana wenye lafudhi ngeni. Mtu mmoja wa hao akipiga simu, askari wanane wanarudi nyumbani jioni.

Sasa mwekeni mtu huyo mbele yenu, mwenye duka wa mji mdogo karibu na mpaka. Amewaona. Akinyamaza, hakuna atakayemjua. Akisema, mambo mawili yanamsubiri. La kwanza ni kuwa Al-Shabaab wakipata habari watamchinja. La pili linamtia hofu zaidi, kwa kuwa limewahi kumpata jirani yake: polisi watamuuliza alijuaje, watachukua simu yake, watamlaza ndani, na pengine asionekane tena. Mtu mwenye akili timamu na watoto wa kulea atafanya hesabu hiyo na atanyamaza. Hajawa mhalifu kwa kunyamaza kwake. Ameogopa pande mbili, na upande mmoja ni sisi.

Hofu hiyo ina historia, na wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Februari 1984, vikosi vya serikali viliwakusanya wanaume katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakakaa siku kadhaa juani bila maji, na wengi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari hizo katika ripoti yake ya 2013, na ripoti ikabaki bila kutekelezwa. Kijana anayetumwa leo kulinda usalama Wajir hakuwa amezaliwa mwaka ule. Hata hivyo amevaa sare, na mzee anayemtazama kutoka kibarazani anaiona sare kabla hajamwona kijana.

Hapa Pwani nasi tunayo yetu. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi mchana kweupe barabarani Mombasa, akiwa garini na familia yake. Aprili 2014 akafuata Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi. Wapo kati yenu waliowapinga watu hao kwa mafundisho yao, na mimi ni mmoja wa waliowapinga. Lakini mpaka leo hakuna mtu aliyehukumiwa kwa vifo hivyo. Watu wengi wa mji huu waliamini kwamba serikali ina mkono, serikali ikakana, na hakuna uchunguzi uliofika mwisho ukaweza kuwaridhisha. Siku moja tu baada ya kifo cha Rogo, mji ukiwa na ghasia, guruneti lilirushwa kwenye lori la polisi na askari wakauawa. Askari wale hawakumuua sheikh. Walikuwa wametumwa kutuliza mji. Walilipa deni wasilolikopa. Na baada ya hapo, kwa miaka, vijana wetu walipokuwa wakivutwa kwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab, wazazi waliojua watoto wao wameanza kubadilika walikaa kimya. Mama mzazi humripoti mwanawe kwa matumaini kwamba ataokolewa. Akiamini kwamba atamkabidhi mwanawe kwa watakaomuua, hatasema neno, hata umwahidi nini.

Baada ya shambulio la Westgate la 2013 serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda usalama pamoja, tulioazima kwa jirani zetu wa Tanzania. Wazo lenyewe ni zuri. Limedorora kila mahali ambapo mtu wa Nyumba Kumi anahesabiwa kuwa jasusi wa kituo. Huwezi kuunda imani kwa waraka kutoka Nairobi.

Nimesema imani. Inavunjika vipi? Kuna watakaosema inavunjwa na risasi. Mimi nadhani inavunjwa zaidi na uongo unaofuata risasi. Watu wa nchi hii ni waelewa. Wanajua askari hufanya kazi ngumu, wanajua mtu mwenye bunduki, katika giza na woga, anaweza kukosea. Wasichoweza kumeza ni kuambiwa asubuhi jambo ambalo kila mtu mtaani anajua si kweli.

Juni 2025 kijana mwalimu, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi. Alisafirishwa mamia ya kilomita hadi Nairobi akaingizwa katika kituo cha Central usiku. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa. Baba yake alisafiri kwenda Nairobi akiwa amebeba hati ya shamba, ili iwe dhamana ya kumtoa mwanawe. Alifika na hati yake mkononi akaambiwa mwanawe hayupo tena. Polisi wakatangaza kwamba kijana alijigonga kichwa ukutani. Kisha madaktari wakapasua maiti, wakakuta majeraha ya kichwa, alama za kukabwa shingo na michubuko mwilini, wakasema hayo si majeraha ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Kamera za kituo zikakutwa zimechezewa. Ndani ya siku chache Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Maafisa kadhaa wameshtakiwa kwa mauaji, na kesi ni ya mahakama. Sitaiamua mimi hapa.

Lakini ile taarifa ya kwanza haikuwa ya konstebo mmoja aliyebabaika. Ilikuwa taarifa ya idara, imeandikwa, ikasomwa kwa taifa. Fikirini askari mwaminifu, wako maelfu, aliyekuwa siku ile kwenye kituo cha mbali, tuseme Kwale au Moyale. Hakujua lolote. Kesho yake alikwenda sokoni kununua nyanya. Mama muuza nyanya alimtazama vipi? Na mama yule akisikia usiku vijana wanapanga kuvamia kituo, atakuwa na hamu gani ya kukimbia kuwaambia? Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Ila mwisho wa njia hiyo mara nyingi humkuta mtu mwingine asiye na kosa.

Kuna kesi nyingine ambayo naomba tuikumbuke kwa utulivu, kwa sababu inaonyesha mabaya na mazuri pamoja. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda aitwaye Josephat Mwenda alipigwa risasi na askari, kisha akafunguliwa mashtaka yeye. Hakulipiza kisasi. Hakurusha jiwe. Alifanya kile tunachowafundisha watoto shuleni: alilalamika kwa njia ya sheria, akapata wakili, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakamani Mavoko katika teksi ya Joseph Muiruri, na wote watatu wakatekwa. Walifungiwa katika kambi ya polisi wa utawala Syokimau. Humo ndani wakili alipata kipande cha karatasi ya chooni, akaandika juu yake kwamba wako hatarini na namba ya kupigiwa simu, akakirusha nje. Kiliokotwa. Siku chache baadaye miili yao ilipatikana mtoni, huko Ol Donyo Sabuk.

Tafakarini kipande kile cha karatasi. Mtu yuko ndani ya kambi ya polisi, mahali ambapo kila raia angepaswa kuwa salama kuliko popote, na anatafuta mpita njia wa kumwokoa kutoka humo.

Hayo ni mabaya. Mazuri ni haya: waliochunguza kesi ile mpaka ikasimama walikuwa maafisa wa upelelezi, polisi kama wao. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia askari watatu na mpasha habari wao mmoja, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja kifo na wengine miaka mingi gerezani. Ilichukua zaidi ya miaka sita. Wapo polisi waliosimama wakatoa ushahidi dhidi ya wenzao. Hao ni polisi ninaowaheshimu, na nadhani walifanya zaidi kuwalinda askari wenzao kuliko shehena yoyote ya risasi.

Sheria zetu si mbaya. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na kati yao 405 walikufa kwa risasi, katika nchi ambayo mwenye bunduki mara nyingi ni mtu wa serikali. Kutokana na msiba ule tukapata Katiba ya 2010, Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, na Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Sheria inasema bunduki itumike pale tu njia nyepesi zaidi zisipotosha. Inasema kila kifo kinachosababishwa na polisi kiripotiwe IPOA mara moja. Inasema amri ya mkubwa si kinga kwa aliyefanya kosa. Maandishi tunayo. Hata hivyo, Juni na Julai 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa kufikia tarehe 1 Julai, na idadi ikaendelea kupanda. Watu walipigwa risasi mbele ya kamera za simu na wanaume waliovaa kiraia na kufunika nyuso. Askari asiyetaka ajulikane jina anamwachia aibu askari aliyevaa namba yake kifuani.

Sasa nizungumze na nyinyi mlio na sare, kwa sababu najua mnachosema mkiwa peke yenu kantini. Mnasema: mwananchi akifa, mashirika ya haki yanajaa barabarani, askari akifa, anabebwa kwenye gari, anapigiwa saluti, anazikwa, basi. Mnasema haki za binadamu ni za kila mtu isipokuwa polisi. Kuna kweli katika malalamiko hayo, na sisi raia tuikubali. Ni wangapi hapa wanaoweza kutaja jina la askari hata mmoja aliyekufa Suguta? Tarehe 25 Juni 2025 watu walipotoka kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, vituo vya polisi vilichomwa na askari walipigwa mawe. Kijana anayemponda kwa jiwe konstebo wa miaka 23 hakomboi nchi. Anampiga mtoto wa maskini mwenzake.

Na maisha ya konstebo huyo tunayajua? Tume ya aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga, iliyokabidhi ripoti yake Novemba 2023, ilizunguka nchi nzima ikisikiliza. Iliwakuta askari na familia zao katika vibanda vya mabati, kwenye nyumba zilizojengwa enzi za mkoloni, familia mbili katika chumba kimoja zikitenganishwa na pazia. Baba anarudi doria saa tisa usiku akiwa ameona maiti, anavua viatu nje ili asiwaamshe watoto wa mwenzake walio upande wa pili wa pazia. Hana faragha ya kulia. Tume ilipendekeza mshahara wa konstebo upandishwe kwa asilimia 40, na nyongeza imeanza kutolewa kwa awamu. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameagiza askari wapewe marupurupu ya nyumba wakapange mitaani kama raia wengine. Wengi waliogopa, na ninauelewa woga wao: kulala mtaani ukiwa askari, bila ukuta wa kambi, kunataka majirani watakaokuamsha wakisikia mtu anavunja mlango wako. Waliotangulia kuishi vizuri na watu walipata majirani wa namna hiyo. Waliokuwa wakila hongo za mtaa huo huo hawakupata.

Tumesikia mara kwa mara askari akijiua, au akimuua mkewe kisha akajiua kwa bunduki ya serikali. Kila mara taarifa husema ni ugomvi wa nyumbani. Ni rahisi kusema hivyo. Mtu aliyenusurika bomu Mandera akarudishwa kazini bila kuzungumza na daktari, amebeba vita kwenda navyo nyumbani. Ushauri nasaha upo katika miundo ya huduma, lakini konstebo anayekiri kwamba halali usiku huogopa kunyang'anywa silaha na kuchekwa. Kwa hiyo hunyamaza, kama yule mwenye duka wa mpakani.

Sina budi kugusa hongo, kwa sababu ndiyo sura ya polisi ambayo mwananchi wa kawaida hukutana nayo kila siku. Mwanamke amepigwa, anakwenda kituoni. Anaandikiwa kwenye kitabu cha matukio, OB, anapewa namba. Anaambiwa fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, imekwisha, aende akapige kopi, au atoe chochote. Fomu ile ni bure. Anaambiwa gari lipo lakini halina mafuta. Akitaka mshukiwa akamatwe, ajaze mafuta yeye. Na mara nyingine ni kweli gari halina mafuta! Mkuu wa kituo amepewa lita zisizofika katikati ya mwezi, na wizi ukitokea tarehe 20 hana la kufanya ila kuomba. Lakini lililo kweli na lililo uongo yakishatoka katika kinywa kimoja kwenye kaunta moja, mwananchi hatofautishi tena. Tume ya Huduma ya Polisi ilipowapiga msasa askari wa trafiki, iliwataka waeleze kumbukumbu zao za M-Pesa, na ikaonekana wadogo wakituma pesa kwa wakubwa siku baada ya siku. Kwa hiyo shilingi mia ya matatu haiishii kwenye mfuko wa yule aliyeipokea barabarani. Inapanda ngazi. Askari mdogo anayekataa kuituma huhamishwa, na mahali anapohamishiwa kwa adhabu mara nyingi ni huko huko kwenye mabomu. Hivyo hongo ya barabarani Mombasa inaweza kumuua askari mwaminifu Garissa. Sijui njia ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Nirudi kwenye ukweli baada ya kifo, maana hapo ndipo ninapotaka tuondoke na jambo la kufanya.

Siku ile ile ya 25 Juni 2024, Bunge letu likivamiwa na vijana wakianguka Nairobi, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilikuwa kikitua Haiti kupambana na magenge. Februari 2025 mmoja wao aliuawa, akaletwa nyumbani, akazikwa kwa heshima zote. Mwezi uliofuata mwingine alishambuliwa. Wakubwa wa kikosi walisema ametoweka, ilhali viongozi wa Haiti wenyewe walikuwa wamemtaja kuwa ameuawa. Familia yake ikabaki kati ya kauli hizo mbili, haina maiti ya kuzika wala mtu wa kusubiri, hata ikalazimika kwenda mahakamani kutafuta jibu. Mama wa askari yule na baba wa Ojwang huenda hawakukutana, lakini waliuliza swali lile lile: mwanangu alikufaje? Na wote wawili walitazamana na idara moja.

Sheria yetu ya sasa inavyofanya kazi, mtu akifa kifo cha kutatanisha, polisi ndio huchunguza, hupeleka faili kwa hakimu, na hakimu hufungua uchunguzi wa kifo kwa faili hilo. Mara chache umefanya kazi. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alipigwa rungu nyumbani kwao Kisumu usiku wa oparesheni Agosti 2017, na mwaka 2019 hakimu akatamka kwamba polisi walihusika. Lakini katika vifo vingi faili halifiki. Na anayekufa akiwa askari, makosa ya kamanda wake huchunguzwa na rafiki wa kamanda wake.

Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo mwaka 2017. Inaunda ofisi huru, yenye wataalamu wake, isiyo chini ya polisi, ya kuchunguza kila kifo cha ghafla, cha kutumia nguvu, na kila kifo cha mtu aliye mikononi mwa serikali. Ingechunguza kifo cha mahabusu ndani ya seli. Ingechunguza pia kwa nini vijana walipelekwa bonde wasilolijua, na kwa nini gari lisilo na deraya lilipitishwa barabara ya mabomu. Rais alitia sahihi. Tangu hapo miaka imepita mingi, ofisi haijasimama, bajeti haijatengwa.

Maafisa, dai hili ni lenu kama lilivyo letu. Mashirika ya haki yalidai, madaktari wa upasuaji wa maiti wamedai kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Mashirika yanayoandamana kwa ajili ya raia yaandamane pia kwa ajili ya konstebo aliyetumwa kufa bila maandalizi. Na vyama vya wastaafu wa polisi visimame na familia za mahabusu. Mkifanya hivyo mara moja tu, hadharani, mama muuza nyanya ataona.

Wabunge wetu watakuja kutusalimia mwezi huu, misikitini, makanisani na kwenye harusi. Kila mmoja wenu amshike mkono wake na amuulize swali moja: sheria ya 2017 itaanza kazi lini? Asimwachie mkono mpaka ataje tarehe.